Ndoo sita za achari ya embe

Ndoo ya kwanza iliishia jalalani. Ilikuwa na vipande vya embe kilo 8, mafuta lita 3 na ushei, na pilipili ya Kashmir iliyonunuliwa kwa bei ya kuuma. Siku ya 19 ukungu mweupe ulikuwa umetanda juu kama pamba, na chini yake mafuta yakitoa vipovu. Kilichouma zaidi ni kwamba siku ya 10 achari ile ilikuwa na ladha nzuri kuliko zote tano zilizofuata. Viungo havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa maji, na maji hayaonjeki.

Tuelewane kwanza. Achari inayozungumzwa hapa si zile embe kavu nyekundu za vipakiti ambazo watoto hununua nje ya shule. Ni achari ya Kigujarati ambayo wenyewe huiita methia keri: embe mbichi, uwatu, haradali, mvuje (utomvu mkavu wenye harufu kali, Wahindi huuita hing), pilipili na mafuta, ya kuliwa na chapati au wali na dengu. Dar es Salaam utaikuta kwenye meza za familia za Kihindi za Upanga na Kisutu, na siku hizi Waswahili wengi wanaitaka kwa pilau. Tuliamua kuiuza kwa chupa za gramu 350, tukaanza Desemba embe zilipofurika sokoni. Yafuatayo yametoka kwenye daftari la msimu ule.

Embe ndiyo ya kwanza kukukosesha. Ya achari iwe mbichi kabisa, ngumu, nyama yake nyeupe au ya kijani kibichi, na kokwa lake liwe limeanza kukomaa lakini bado linakatika kwa panga zito. Ukikata ukaona nyama imeingia unjano hata kidogo, hiyo ni ya juisi. Ndoo ya nne tuliifanya mwishoni mwa Januari kwa embe dodo zilizokuwa zimeanza kuiva ndani huku ganda bado kijani. Baada ya wiki tatu vipande vilikuwa uji. Embe inayoiva huanza kuvunja yenyewe kile kinachoshikilia nyama yake, na chumvi haiwezi kuzuia kazi iliyokwisha kuanza. Huko Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, hutumia embe kubwa kali iitwayo Rajapuri. Hapa hatukuipata, ila dodo changa ilifaa. Nunua asubuhi, kata embe tano kutoka sehemu tofauti za tenga mbele ya muuzaji, kisha ndipo ulipie. Muuzaji atanuna, lakini hiyo ni hasara ndogo.

Osha embe zikiwa nzima, zifute, ziache zikauke kabisa usiku kucha. Baada ya kukata usioshe tena, hata kwa bahati mbaya. Kata vipande vya sentimita 2 hivi, ganda lake likiwepo, na ikiwezekana kila kipande kiwe na utando mgumu wa kokwa, maana huo ndio unaokizuia kisilegee. Kiini cha ndani na ile ngozi nyembamba inayokizunguka toa vyote, vinatia uchungu. Embe kilo 12 zilitupa vipande kilo 8. Panga bajeti kwa kilo 8, siyo kwa 12.

Kwa kila kilo ya vipande weka chumvi gramu 120 na manjano gramu 10, changanya kwenye ndoo ya plastiki ya chakula au chombo cha udongo kilichotiwa gilesi (ule utando unaong'aa kama kioo), funika kwa kitambaa, acha saa 24 ukigeuza mara tatu. Usitumie sufuria ya alumini. Tindikali ya embe na chumvi huila, na achari hupata rangi ya kijivu na ladha ya chuma. Chumvi ya mawe ni nzuri na rahisi, lakini ikaange kavu kwanza dakika 5, kwa sababu ya pwani huwa imeshavuta unyevu hewani. Usiku huo embe zitatoa maji ya chumvi, kama mililita 200 hadi 250 kwa kilo. Mwaga vipande kwenye chujio, maji hayo yahifadhi pembeni.

Sasa tunafika kwenye kukausha, na hapa ndipo ndoo ya kwanza ilipofia.

Mapishi tuliyokuwa nayo yalisema: tandaza kivulini kwa muda wa saa nne. Tulitandaza saa nne, vipande vikaonekana vikavu juu juu, tukaendelea. Hatukujiuliza yale mapishi yaliandikwa wapi. Gujarat embe za achari hupatikana Aprili na Mei, kabla mvua za monsuni hazijafika Juni, na joto la wakati huo ni kavu: hewa yenyewe inanyonya maji. Dar es Salaam Desemba hewa imejaa bahari. Saa nne za kule si saa nne za hapa. Mapishi hayakuwa ya uongo, yalikuwa ya hali nyingine ya hewa.

Kwa hiyo acha kuhesabu saa, pima uzito. Kilo 1 ya vipande, baada ya chumvi na kuchujwa, hubaki kama gramu 900. Kausha hadi ifike gramu 650 hadi 700. Siku ya jua kali na upepo ilituchukua saa 6, siku ya mawingu siku mbili. Pima sinia moja kila baada ya saa mbili, andika. Kipande kilichofikia kiwango ukikikunja hupinda bila kuvunjika, ukikibana kwa vidole hakitoi tone, na kati bado kina nyama. Ndoo ya pili tulitia woga kupita kiasi, tukakausha hadi gramu 500. Vipande vikawa kama ngozi ya kiatu, vikanywa mafuta yote, vya juu vikabaki wazi, tukalazimika kuongeza lita moja ambayo haikuwa kwenye hesabu.

Tandaza kwenye nyungo au vitambaa safi vya pamba vilivyoinuliwa juu ya viti ili hewa ipite chini, na funika kwa chandarua. Nzi ni tatizo dogo. Tatizo kubwa ni kunguru, hawa weusi wenye shingo ya kijivu, ambao nao asili yao ni India na waliletwa Zanzibar miaka ya 1890. Inaelekea hawajasahau embe. Usiku ingiza ndani, na usiache sinia kwenye jiko la kupikia. Mvuke wa sufuria moja ya wali unarudisha kazi ya nusu siku.

Masala kwa kila kilo ya vipande vibichi: uwatu uliopasuliwa gramu 60, haradali iliyopasuliwa gramu 60, pilipili ya unga gramu 80, mvuje gramu 5, na chumvi iliyokaangwa gramu 40. Chumvi hii ya pili wengi huisahau. Sehemu ya ile ya kwanza imeondoka na maji uliyochuja, na usipoirudisha achari hubaki na chumvi ya kachumbari. Kwa vipimo hivi chumvi kwenye chupa huishia karibu asilimia 9. Ukiipunguza kwa sababu mteja mmoja alisema imezidi, umeondoa mlinzi mlangoni.

Uwatu na haradali ununue vilivyopasuliwa tayari kwenye maduka ya viungo ya Kisutu, au vipasue mwenyewe kwa kinu, punje igawanyike mbili au tatu. Usisage unga. Unga wa uwatu hunyonya mafuta na kutengeneza kitu kama gundi. Pilipili, nunua nzima, ianike, isagwe. Ya unga ya bei rahisi mara nyingi imetiwa rangi au chengachenga. Ukipeleka mashine ya mtaani, omba wasage kwanza gao la mchele wako wautupe, kwa sababu ndani ya mashine mna unga wa mahindi wa mteja aliyetangulia, na huo ni chakula cha ukungu. Pilipili ya Kashmir inatoa rangi zaidi kuliko ukali. Tulipoibadilisha yote kwa pilipili kichaa ya hapa, kwa kubana matumizi, chupa nne zilirudishwa. Nusu kwa nusu na pilipili ndefu ya kawaida iliyokauka ilifanya kazi.

Mafuta, mililita 400 kwa kilo. Msitafute mafuta ya haradali kwa shida. Hayo ni ya Bengal, Bihar na Punjab. Gujarat hutumia ya karanga au ufuta, na Andhra, jimbo la kusini mwa India wanakotengeneza avakaya, achari yao ya embe kali kabisa, ni ufuta. Ya ufuta yanadumu bila kuchacha haraka, ila ni ghali. Tulimalizia na alizeti iliyosafishwa tukachanganya theluthi moja ya ufuta kwa harufu. Ya karanga yana maneno na watu wenye mzio, kwa hiyo ukiyatumia yaandike kwenye lebo. Ufuta na haradali pia viandike.

Joto la mafuta ndilo lililotuharibia ndoo ya tatu. Yapashe hadi yaanze kufuka moshi mwembamba, ili unyevu uondoke, kisha yazime na ungoje. Yapoe hadi karibu nyuzi 70. Kama huna kipimajoto, tupia punje moja ya haradali iliyopasuliwa: isibadilike rangi. Ikiwa kahawia mara moja, bado ni moto mno. Sisi tulimwaga yakiwa moto, uwatu ukaungua, na uchungu wa uwatu ulioungua hauondoki hata miezi sita. Uchungu wa haradali ni jambo jingine. Huo huwepo wiki ya kwanza kisha hutulia, kwa hiyo usimwage achari siku ya tatu ukidhani imeharibika. Jinsi ya kumwaga: rundika masala kwenye sinia kubwa kama kichuguu, chimba shimo juu, weka mvuje humo, mimina mafuta ya vuguvugu kwenye shimo, funika haraka kwa sufuria dakika 10. Mvuje ukipata joto hubadilika kutoka harufu ya kukimbiza wageni kuwa harufu kama ya kitunguu kilichokaangwa. Mafuta yaliyobaki yaache yapoe kabisa kabla ya kuyatumia.

Changanya na embe, shindilia ndoo, acha siku tatu ukigeuza kila siku kwa mwiko mkavu. Ndipo uingize kwenye chupa. Chupa zioshe, zichemshe dakika 10, kisha zikaushe ndani ya oveni nyuzi 110 kwa dakika 20 na ziache zipoe. Usizifute kwa kitaulo. Kitaulo kinaacha nyuzi na unyevu. Angalia uzi wa mdomo wa chupa, pale matone hujificha. Jaza ukishindilia kwa mpini wa mwiko ili mapovu ya hewa yapande, acha sentimita 1 juu, na mafuta yafunike vipande vyote. Rudi kesho yake: mafuta yatakuwa yameshuka, ongeza yale uliyoyapoza.

Kuhusu usalama niseme wazi. Chini ya mafuta hakuna hewa, na kuna bakteria wa sumu ya botulini anayependa mahali pa namna hiyo, isipokuwa hamudu kuota kwenye pH (kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi) iliyo chini ya 4.6. Embe mbichi kali huwa chini sana ya hapo, na kikomo chetu ni 4.0. Karatasi za kupimia usizitegemee: manjano huzitia rangi yake na mafuta huzuia zisilowe. Nunua kipimo cha dijitali, kirekebishe kwa maji ya pH 4 na pH 7, futa mafuta kwenye vipande, visage na maji kidogo yaliyosafishwa, pima. Wateja watakuomba uongeze karoti, pilipili mbichi, hasa kitunguu saumu. Kila kimoja kinapandisha pH. Kitunguu saumu kibichi kwenye mafuta, kikiwekwa rafuni bila tindikali ya kutosha, ni hatari ya kweli. Tulikataa oda hizo hadi vipimo vya maabara vithibitishe. Na chupa yoyote iliyovimba kifuniko haionjwi, hata kwa ncha ya ulimi. Inatupwa ikiwa imefungwa.

Ndoo ya tano ilikuwa nzuri, ila vifuniko vilivuja. Tulikuwa tumechanganya chupa mpya na za kuokoteza za jamu, na ule mpira wa ndani ya kifuniko cha zamani haushiki mara ya pili. Bodaboda akapita Morogoro Road mchana wa jua, mafuta yakatanuka, mfuko mzima ukawa mwekundu. Lebo za karatasi zikabanduka zenyewe. Tangu hapo vifuniko ni vipya kila mara, lebo ni za plastiki, na kabla ya kuzibandika tunaifuta chupa kwa spiriti.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo tuliposhangaa zaidi. Ndoo moja ilitoa chupa 28. Gharama za viungo: embe 10,000, chumvi 1,000, uwatu 4,000, haradali 5,000, pilipili 12,000, mvuje 6,000, manjano 1,000, mafuta 19,000. Jumla shilingi 58,000, yaani kama 2,070 kwa chupa. Tukauza 4,000 tukijiona tunapata mara mbili. Haikuwa hivyo. Chupa na vifuniko vilikuwa 36,400, lebo 7,000, gesi 4,000, nauli na bodaboda 10,000. Jumla halisi 115,400. Na chupa za kuuza hazikuwa 28, zilikuwa 26: moja huwekwa kama sampuli ya ndoo hiyo, na nyingine haijai kwa sababu ya kilichoganda kwenye ndoo na sinia. Mara 26 kwa 4,000 ni 104,000. Tulikuwa tunamlipa mteja 11,400 kila ndoo ili ale achari yetu, na bado mikono ya watu wawili kwa siku mbili haijahesabiwa.

Bei zako zitakuwa nyingine, lakini tazama mgawanyo: kioo na kifuniko kilizidi mara tatu na nusu bei ya embe. Ndiyo maana kubembelezana na muuza embe kwa shilingi mia mbili hakuokoi biashara, ila kununua chupa kwa katoni moja kwa moja kwa muuzaji wa jumla kunaokoa. Ndoo ya sita iliuzwa 7,000 kwa mteja wa moja kwa moja na 5,500 kwa duka. Tulipoteza wateja watatu wa mwanzo. Duka usiliachie mzigo kwa mali kauli zaidi ya chupa 6 kwa mara ya kwanza, na nenda mwenyewe ukaangalie zimewekwa wapi. Moja lilizianika dirishani kwenye jua, na rangi ilipauka ndani ya mwezi.

Makaratasi kwa ufupi. Tangu 2019 usimamizi wa chakula Tanzania uko chini ya TBS, shirika la viwango, na mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa ushauri na barua ya utambulisho. Waulize pia kuhusu nafuu ya ada. Jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili, namba ya mlipakodi hutolewa na TRA, mamlaka ya mapato, na kila anayeshika chakula apimwe afya. Jambo la kujiandaa nalo ni chumba: jiko lile lile la kukaangia samaki halikubaliki kirahisi, kwa hiyo kabla ya kuchapisha lebo elfu moja hakikisha una mahali. Lebo zetu za kwanza ziliandikwa miezi 12 ya matumizi bila ushahidi wowote. Tukaanza kufungua sampuli mwezi wa 1, wa 3 na wa 6, tukipima pH, harufu na ukungu, na tarehe tukairudisha hadi miezi 6. Andika pia kwa herufi kubwa: tumia kijiko kikavu. Malalamiko mengi ya ukungu yaliyotufikia yalianza na kijiko kilichotoka kwenye mchuzi.

Mvua za masika zikianza Machi, acha kukausha nje. Embe zilizobaki tulizifanya chundo, achari tamu ya embe iliyokunwa. Kwa kilo 1 ya embe iliyokunwa, sukari kilo 1 na robo, chumvi gramu 25, manjano kijiko kidogo. Asili yake huwekwa juani siku 7 hadi 10 ikiwa imefunikwa kwa kitambaa chepesi, lakini jikoni kwa moto mdogo inawezekana: koroga hadi shira ikivutwa kati ya vidole viwili itoe uzi mmoja usiokatika haraka, zima, ipoe, ndipo utie pilipili na bizari nyembamba iliyokaangwa. Ukizidisha hadi nyuzi mbili itaganda sukari chupani. Yale maji ya chumvi uliyohifadhi mwanzoni yanafaa kulowekea ndimu zilizopasuliwa manne. Wiki tatu, na una achari nyingine ambayo haikugharimu chochote ila ndimu.

Na ile sinia ya kuchanganyia usikimbilie kuiosha. Andhra wakimaliza avakaya humimina wali wa moto ndani yake, wakaufinyanga kwa mkono na masala yaliyogandia pembeni, wakala pale pale. Sisi tunafanya vivyo hivyo, na kwenye daftari tunaandika: upotevu, gramu 300.